Uokoaji Batili wa Fundi Gervas

Katika nchi yetu hakuna ajali za ujenzi. Nalisema hili mapema ili msomaji wa ng'ambo, aliyezoea kusikia kwamba huko kwao majengo huwaangukia watu, atulie na kuvuta kiti. Zamani tulikuwa nazo, tena nyingi, mpaka Bunge letu lilipopitisha kwa kauli moja Sheria ya Kukomesha Ajali. Mtukufu Rais aliitia saini akiwa amevaa kofia ngumu ya rangi ya dhahabu, na tangu siku hiyo ajali zikakoma. Watu wanaendelea kuanguka, hilo silifichi, maana sheria haiwezi kubadili tabia za watu kwa mkupuo mmoja. Lakini wanaoanguka sasa huhesabiwa kuwa wameacha kazi ghafla bila kumuaga mwajiri, na wajane wao huitwa ofisini kukaripiwa.

Kwa kusherehekea mafanikio hayo, serikali iliamua kujenga Jumba la Usalama Kazini, refu kuliko jengo lolote nchini. Kabla hata msingi haujakauka, pale patakapokuwa mlango mkuu liliwekwa kabati la kioo lenye kufuli ya shaba. Ndani ya kabati mlikuwa na mkanda wa usalama, ule ambao fundi hujifunga kiunoni na mapajani akiwa juu, ili akiteleza abaki ananing'inia. Ulikuwa zawadi kutoka nchi rafiki, na nchi nzima haikuwa na mwingine. Kando yake iliwekwa miwani ya kukinga macho, nayo ya pekee nchini. Jumamosi wananchi waliruhusiwa kupita kwa foleni kuutazama, na wanafunzi wa shule za msingi walitungiwa wimbo wa kuusifu. Mafundi waliojenga jumba hilo waliukaribia kila asubuhi wakati wa kuingia kazini, na ilikuwa desturi wauinamishie kichwa.

Mmoja wa mafundi hao alikuwa Gervas Malunde, fundi wa plasta. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kucheka utani wake mwenyewe kabla hajaumaliza, hata watu wakawa hawaujui mwisho wake. Mkewe, Leokadia, alipika ugali na maharage langoni mwa jengo, na mafundi walikula kwake. Mdogo wake Leokadia, kijana mrefu aitwaye Thadei, alifanya kazi hapo hapo ya kufunga majukwaa ya miti ambayo mafundi husimama juu yake wanapopiga plasta kuta za nje. Gervas ndiye aliyemtafutia Thadei kazi hiyo alipotoka kijijini, akamlaza nyumbani kwake, akamlisha, na akamvumilia alipokuwa hajui hata kufunga fundo. Thadei hakuwa msemaji, lakini alimwita Gervas shemeji kwa sauti ambayo wengine huitumia kumwita baba.

*

Wiki ya Usalama ilipokaribia, ilionekana kwamba viongozi hawana mahali pa kuketi. Kiswahili chetu ni lugha isiyopoteza maneno: anaposimama fundi panaitwa jukwaa, na anapoketi waziri panaitwa jukwaa. Kamishna wa Usalama wa Majengo, Mheshimiwa Zebedayo Pingili, mtu aliyesoma sana, alitafakari jambo hilo ofisini kwake na kuona kwamba kama neno ni moja, miti nayo inaweza kuwa ileile. Akaamuru miti minene ing'olewe kwenye jukwaa la mafundi upande wa barabara, ikajenge jukwaa la wageni, lenye paa la turubai na ngazi ya zulia jekundu.

Thadei alimfuata kwa heshima zote, kofia mkononi. Akamweleza kwamba ile miti iliyong'olewa ndiyo iliyobeba jukwaa la ghorofa ya nane, na kwamba kwa sasa jukwaa lile limesimama kwa imani tu. Kamishna alifurahi kusikia hivyo. Alimwambia kuwa taifa lote limesimama kwa imani, na bado halijaanguka, kwa hiyo arudi kazini.

Kesho yake asubuhi Gervas alipanda kupiga plasta ghorofa ya nane. Thadei alimsihi asipande. Gervas akamjibu kwamba asiyepanda ataambiwa amegoma, na aliyegoma hapati tena kazi popote, ila yeye atakanyaga kwa upole kama anayenyemelea kuku. Alianza kucheka kabla hajafika kwenye kuku. Jua lilikuwa bado halijakolea pale jukwaa lilipotoa mlio kama wa mtu anayesafisha koo, kisha likashuka lote, miti, mbao na ndoo ya plasta, mpaka chini.

Gervas hakushuka nalo. Mikono yake ilidaka kingo ya zege iliyojitokeza chini ya dirisha, na mguu wake mmoja ukapata kipande cha nondo kilichosahaulika ukutani. Akabaki amejibandika pale, uso kwenye plasta yake mwenyewe iliyokuwa mbichi. Dirisha lisilo na fremu lilikuwa juu kidogo ya kichwa chake. Watu wawili wenye kamba wangemvuta ndani kabla chai haijapoa, na hakuna aliyelijua hilo kuliko Thadei, ambaye alikwishaanza kupanda ngazi mbili mbili, kamba begani.

Kamishna Pingili alimkuta ghorofa ya pili, akamzuia kwa kifua chake. Alikuwa ametoka mbio ofisini, na kwa jinsi alivyokuwa anahema ilidhihirika kwamba anaijali kazi yake. Alimkumbusha Thadei kwamba kwa mujibu wa Kanuni za Usalama, mtu yeyote anayemkaribia mwenzake aliye hatarini kwenye kimo sharti awe amevaa mkanda wa usalama. Lengo la kanuni, alieleza, ni kuhakikisha kwamba hatari haiongezeki. Mtu mmoja akining'inia ni msiba wa mmoja. Wawili ni takwimu.

Thadei akasema basi autwae ule wa kwenye kabati. Kamishna akasema hapo amenena. Wakashuka wote mpaka kwenye kabati, na mafundi wengine wakawafuata, na Leokadia naye akaacha vyungu vyake akaja mbio akiwa na mwiko mkononi.

Kabati lilikuwa limefungwa. Ufunguo alikuwa nao Mkurugenzi wa Uokoaji, na Mkurugenzi alikuwa kwenye semina katika hoteli moja ya ufukweni. Akapigiwa simu. Msaidizi wake akajibu kwa kunong'ona kwamba bosi yuko mbele ya wajumbe anatoa mada iitwayo "Kasi Katika Uokoaji," na kwamba mada hiyo ni ndefu. Fundi mmoja akashauri kioo kivunjwe. Kamishna hakukataa, maana si mtu wa kukataa ushauri wa wadogo. Alieleza tu kwamba kuvunja kioo bila miwani ya kukinga macho ni kosa, na miwani imo kabatini.

*

Ndivyo Gervas alivyoendelea kukaa ukutani. Serikali haikumtupa. Kamishna alichukua kipaza sauti akasimama chini yake, mbali kidogo kwa usalama, akamsomea haki zake. Alimjulisha kwamba ana haki ya kuokolewa, na kwamba haki hiyo haiharibiki kwa kukaa. Alimtaka avae kofia yake ngumu, iliyoonekana inaning'inia mgongoni kwa kamba, kwa sababu ni marufuku kuwa kwenye jengo bila kofia. Gervas alijibu kitu, ila uso wake ulikuwa ukutani na maneno hayakusikika. Kamishna akamwambia karani wake aandike kwamba mhusika ameonywa na amepuuza.

Askari walikwishasimama ngazini kuwazuia mafundi. Jua likapanda. Leokadia alikwenda mbele ya Kamishna, akapiga goti kidogo kama alivyofunzwa na mama yake kuwasalimu wakubwa.

"Shikamoo, mzee. Yule ni mume wangu. Naomba apelekewe hata maji, mtu atupe kamba na kopo kutoka dirishani."

Kamishna alimwitikia vizuri, akamwita mama. Akamweleza kwa upole kwamba kula na kunywa kwenye kimo kumepigwa marufuku tangu mwaka juzi, kwa sababu mtu anaweza kupaliwa. Kisha, kwa kuwa mchana ulikuwa umeingia na yeye na maofisa wake hawakuwa wamepata hata kifungua kinywa kwa ajili ya shughuli hii, akamuuliza kama chakula kiko tayari.

Leokadia alimtazama. Wanawake waliokuwa karibu wanasema kwamba alimtazama kwa muda, kisha akatazama ngazi, kisha akamtazama mdogo wake, halafu akasema kwamba kipo, na kwamba leo ana samaki pia.

Aliwaandalia nyuma ya kibanda chake, penye kivuli. Kamishna mwenyewe ndiye aliyeamua wakae wakilipa jengo mgongo, kwani kutazama juu wakati wa kula ni njia moja ya kupaliwa. Askari wa ngazini nao wakaitwa, maana Leokadia aliona haya wakubwa kula na wadogo kukaa na njaa, akasema hivyo kwa sauti. Aliwapakulia, na walipomaliza akawapakulia tena. Aliwachambulia miiba. Aliwanawisha mikono kwa maji ya uvuguvugu. Kamishna alimsifu kwamba ni mwanamke mwenye moyo wa kizalendo. Yeye akasema asante mzee, akauliza kama waongezewe mchuzi.

Walipokuwa kwenye mchuzi, Thadei alikuwa amefika ghorofa ya nane na wenzake wawili. Alijifunga kamba kiunoni, wenzake wakaikanyaga, akajitokeza dirishani nusu mwili na kumshika Gervas makwapani. Bega la Gervas lilikuwa limeteguka tangu alipodaka ile kingo, na walipomvuta aliuma midomo mpaka ikatoka damu ili asipige kelele wakubwa wakasikia. Akaingia ndani kama gunia. Alipoweza kusema, aliomba wamfute plasta puani.

*

Kamishna alishiba, akainuka, akageuka, akatazama ukutani. Hapakuwa na mtu. Inasemekana hakuna aliyewahi kumwona mkubwa yule amebadilika rangi hivyo. Kama fundi ameanguka, basi nchi imepata jambo ambalo sheria imeshalikomesha. Kama ameokolewa, basi ameokolewa bila mkanda. Alizunguka jengo lote akichungulia chini ya kuta, na mwishowe akamkuta Gervas ameketi kando ya vyungu vya mkewe, anakunywa maji kwa mkono mmoja. Kamishna alivuta pumzi ya kushukuru, kisha akaamuru Thadei afungwe pingu.

Kesi ilisikilizwa haraka, katika Mahakama Maalumu ya Usalama. Jaji alikuwa amevaa kofia ngumu juu ya wigi lake, kwa kuwa dari ya mahakama ilikuwa bado haijakaguliwa. Thadei alikiri kila kitu. Alisema alimwona shemeji yake anachoka, akaenda kumchukua. Jaji akamuuliza kama alivaa mkanda. Akasema hapana. Akamuuliza kama alijua kwamba kwa kufanya vile angeweza kuanguka. Akasema alijua. Jaji akatikisa kichwa kwa huzuni, kofia ikatikisika nayo.

Hukumu yake ilisifiwa na magazeti yote mawili ya serikali. Alisema kwamba uokoaji uliofanywa kinyume cha kanuni ni batili, na jambo batili mbele ya sheria ni kama halikufanyika. Kwa hiyo, mbele ya sheria, fundi Gervas Malunde bado yuko ukutani. Mahakama haiwezi kufumbia macho mtu aliye hatarini. Inaamuru arudishwe mahali alipokuwa, ili aokolewe kihalali, kwa mkanda, siku ya kilele cha Wiki ya Usalama, mbele ya Mheshimiwa Waziri. Mshitakiwa Thadei atakaa gerezani mpaka Gervas atakapokuwa ameshuka kwa mujibu wa kanuni. Akishuka hivyo, hakutakuwa tena na kosa, na mshitakiwa ataachiwa huru. Asiposhuka hivyo, mshitakiwa atatumikia kifungo cha maisha. Jaji alimaliza kwa kusema kwamba sheria ina moyo, na watu mle ndani wakapiga makofi, kwa sababu askari mmoja alikuwa ameanza.

Gervas alipokwenda hospitali kutazamwa bega, muuguzi alimhurumia kwa kweli. Alimwambia kwamba amesikia hukumu redioni, na kwamba hawezi kumhudumia mgonjwa ambaye bado hajafika chini. Bibi mmoja wa mtaani akalikanda lile bega kwa mafuta ya moto. Likarudi mahali pake, lakini mkono ukawa hauinuki kupita kifua.

*

Hakuna aliyekuja kumkamata Gervas. Hilo nataka lieleweke, maana wasiotutakia mema wamesema alilazimishwa. Kamishna alimtumia ujumbe tu kwamba anakaribishwa kurudi ukutani kwa hiari yake, na kwamba shemeji yake anamsalimu kutoka gerezani.

Jioni moja jua likiwa bado lipo, yeye na mkewe waliketi uani. Mtoto wao, Stela, alikuwa anacheza kwa majirani. Gervas alikuwa anajaribu kuinua mkono, anafika kifuani, anaushusha, anajaribu tena. Leokadia alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Mwisho Gervas alisema kwamba atapanda.

"Mkono wako hauinuki, Baba Stela," Leokadia akasema.

"Siku ile Thadei hakuniuliza habari za mkono."

Leokadia aliendelea kuchambua. Alikuwa akitoa punje nzima na kuacha mawe, lakini hakuona. Alisema kwamba yule ni mdogo wake, alimbeba mgongoni, na hawezi kumwacha aozee gerezani. Na kwamba huyu ni mume wake. Na kwamba Mungu angemuuliza kabla ya kumpa wote wawili. Kisha akasema neno ambalo baadaye lilimnyima usingizi kwa miaka mingi.

"Ukipanda, shika kwa ule mzima. Watakuja tu. Waziri mwenyewe atakuwepo, hawawezi kukuacha mbele ya Waziri."

Gervas alikubali kwamba ni kweli, hawawezi. Kwa mara ya kwanza tangu mahakamani akaanza kucheka, akasema atamwomba Waziri amshikie ndoo. Leokadia naye akacheka kidogo, kisha akafunika uso kwa kanga.

*

Siku ya kilele ilipambwa. Bendi ya polisi ilipiga. Jukwaa la wageni lilisimama imara kabisa, na kila aliyepanda alilisifia miti yake. Mafundi walizungushiwa uzio wa kamba mbali na jengo, kwa usalama wao, na askari wenye bunduki waliwekwa ngazini, asije mtu akaokoa tena kienyeji. Leokadia aliketishwa mstari wa mbele, amevalishwa fulana yenye maandishi "Usalama Ni Furaha." Thadei aliletwa kutoka gerezani na pingu zake, ili ajifunze.

Gervas alitolewa dirishani na maofisa wawili waliovaa glavu nyeupe. Walimshusha taratibu mpaka mguu wake ukaipata ile nondo na mkono wake mzima ukaishika ile kingo. Ule mwingine aliulaza ukutani. Bendi ikanyamaza. Mshereheshaji akawatangazia wageni kwamba hali imerudishwa kama ilivyokuwa, na watu wakashangilia.

Mkanda ukatolewa kabatini ukaletwa juu ya mto wa hariri, umebebwa na Mkurugenzi wa Uokoaji mwenyewe. Mpango ulikuwa avikwe ofisa mmoja kijana aliyefanya mazoezi wiki nzima, apande, amfunge Gervas, amshushe. Lakini Mheshimiwa Waziri wa Usalama, Kinga na Tahadhari, alipouona ule mkanda kwa karibu aliguswa moyo. Akaomba auvae kidogo tu, apigwe picha. Nani angemnyima? Alikuwa mtu mnene aliyejengeka vizuri. Walimfunga kamba za mapajani, wakamfunga za kifuani, wakalibana bizimu la chuma la kufungia tumboni mpaka likalia. Akapigwa picha akielekeza kidole juu, kwa Gervas. Kisha alipotaka kuvuliwa, kile chuma kikagoma kufunguka.

Mkurugenzi alijaribu. Kamishna Pingili alijaribu, amepiga magoti mbele ya Waziri, jasho linamtiririka. Akatumwa mtu kutafuta koleo. Mtu mmoja aliyekosa adabu alipaza sauti nyuma ya uzio kwamba mkanda ukatwe kwa kisu, akaondolewa, kwa kuwa mkanda ule ni mali ya taifa. Waziri, kiongozi asiyekubali muda wa wananchi upotee, alisema kwamba wakati koleo linatafutwa yeye atatoa hotuba.

Alianza kwa kuwashukuru waliohudhuria, mmoja mmoja kwa vyeo. Alieleza historia ya usalama tangu enzi za mababu waliokaa mapangoni, mahali ambapo, alisema, hapakuwa na ghorofa, na kwa hiyo hapakuwa na kuanguka. Alisema serikali yake haitavumilia uzembe. Alisema uhai wa mfanyakazi mmoja ni sawa na uhai wa taifa zima.

Huko juu mguu wa Gervas ulianza kutetemeka. Mafundi waliuona, kwa sababu wanajua kutazama juu. Wakaanza kunong'ona, kisha kuguna, na askari wakawasogelea. Thadei alisimama na pingu zake akamwomba askari aliyemlinda amwache aende, amwache dakika moja tu, atarudi mwenyewe. Askari alikuwa kijana wa makamo yake. Alitazama pembeni, akamkalisha.

Leokadia alitoka kitini, akaenda mpaka chini ya jukwaa la wageni, akapiga goti, lote, kwenye vumbi. Alisema, "Baba, amechoka." Waziri alimwona. Alimpungia mkono kwa upendo, akaendelea.

Hapo ndipo Gervas aliposema. Alikuwa amegeuza uso, na mara hii sauti yake ilisikika kwa kila mtu.

"Mama Stela, usitazame."

Akatazama. Angefanyaje? Waziri alikuwa amefika mahali katika hotuba palipoandikwa kwamba atue, wananchi wapige makofi. Akatua. Wananchi wakapiga makofi. Makofi yalikuwa mengi kiasi kwamba wa nyuma hawakusikia kishindo, na wengine waliambiwa na majirani zao walipokuwa njiani kurudi nyumbani.

*

Jaji aliketi siku iliyofuata kutimiza hukumu yake. Alipitia mambo yote kwa makini. Aliona kwamba mhusika alikuwa amevaa kofia ngumu. Aliona kwamba hakula wala hakunywa akiwa kwenye kimo. Aliona kwamba hakuna mtu aliyemkaribia bila mkanda, kwa sababu tangu alipoachwa ukutani hakuna aliyemkaribia. Mkanda wenyewe ulikuwepo eneo la tukio, umevaliwa, tena na mtu mwenye mamlaka. Hakuona kanuni hata moja iliyovunjwa. Akatamka kwamba fundi Gervas Malunde ameshuka kwa mujibu wa kanuni, wa kwanza nchini kufanya hivyo kikamilifu, na akaamuru Thadei aachiwe papo hapo. Kamishna Pingili alipandishwa cheo.

Thadei alifika nyumbani kwa dada yake akakuta watu wamejaa uani. Wakampisha. Alipiga magoti mbele ya Leokadia, akataka kusema, akashindwa, akaulaza uso wake kwenye mapaja ya dada yake kama alivyokuwa akifanya utotoni. Leokadia akamshika kichwa. Alikuwa amefurahi kumwona, na furaha hiyo ilimchoma kuliko msiba. Baadaye aliwaambia wanawake wenzake kwamba hapo ndipo alipowachukia kweli, walipomfanya afurahi siku ile.

Walimzika Gervas makaburi ya mtaani. Mafundi wote wa jengo walikuja na sepeto zao, na hawakuomba ruhusa kazini. Walikuwa wamechimba mpaka kiunoni pale gari la serikali liliposimama, na Kamishna Pingili akashuka na shada la maua kutoka wizarani. Alitoa pole. Alitazama shimo, na uso wake ukaingia wasiwasi wa kikazi. Akasema kwamba shimo lolote linalopita goti ni uchimbaji wa ujenzi, linahitaji kingo za mbao na kibali, na kwamba kwa kuwa ni msiba yeye hatamshitaki mtu yeyote, ila wasimamishe kazi mpaka mkaguzi aje.

Mafundi wakaacha kuchimba, wakatoka shimoni. Kamishna alifikiri wamemtii. Kisha Thadei akavua shati, akaruka shimoni, akaanza kuchimba peke yake. Mwingine akaruka, na mwingine. Udongo ulirushwa juu kwa nguvu, na mwingine ukaangukia viatu vya Kamishna. Walichimba mpaka vichwa vyao vikazama, kisha wakapokea jeneza kwa mikono, wakaliteremsha wenyewe.

Kamishna alisema kwa sauti kwamba watu wote waliomo shimoni wanavunja sheria, na kwamba aliyezikwa hivi hakuzikwa kihalali.

Leokadia alikuwa amesimama upande wa pili wa kaburi, amemshika Stela mkono. Hakulia, wala hakuinua sauti.

"Shuka ukamtoe," alisema.

Thadei na wenzake walikuwa bado wamo shimoni. Waliinua nyuso zao wakamtazama Kamishna, sepeto mikononi, wakasogea kidogo kumpa nafasi. Kamishna alichungulia. Alitazama kulia na kushoto kuwatafuta askari wake, akawaona wamevua kofia zao. Akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, akaliweka shada chini, akaenda garini.

Mafundi wakapanda juu mmoja mmoja, wakishikana mikono, wakaanza kufukia.